Nauli ya Kwenda Angani na Sababu za Kutoshuka Kwake

Ukitoka Kampala kwa barabara ya Masaka, baada ya kilomita sabini na kidogo unafika Kayabwe. Kando ya barabara kuna duara kubwa nyeupe za saruji, na chini umechorwa mstari wa ikweta. Watalii wanashuka kwenye magari, wanaweka mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, wanapigwa picha. Pembeni wapo vijana na mabeseni yao ya maji: hapa maji yanazunguka hivi, kule yanazunguka vile, na katikati hayazunguki kabisa. Mwalimu wa fizikia atakwambia ni kiini macho tu, kwa sababu beseni ni dogo mno kuhisi mzunguko wa dunia. Lakini hela inatoka mfukoni, watu wanacheka, safari inaendelea.

Kayabwe hunijia akilini kila ninaposoma habari za matajiri wanaolipia safari za angani. Huko nako watu wanalipa kuvuka mstari usioonekana, na wenye biashara wamewahi kugombana hadharani kuhusu mahali ulipo.

Tarehe 11 Julai 2021, tajiri wa Uingereza Richard Branson alipanda VSS Unity, chombo cha kampuni yake ya Virgin Galactic, juu ya jangwa la New Mexico nchini Marekani. Kilifika kilomita 86 hivi, akarudi chini akishangilia. Siku tisa baadaye Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alipaa kutoka magharibi mwa Texas kwa roketi ya New Shepard ya kampuni yake, Blue Origin. Yeye alifika kilomita 107. Tena hata kabla Branson hajaruka, Blue Origin walikwishaandika mtandaoni kwamba chombo cha mwenzao hakiuvuki mstari wenyewe, na kwamba abiria wao hawatahitaji kuwekewa kinyota cha shaka kando ya majina yao. Watu wazima, tena mabilionea.

Mstari wanaougombania unaitwa mstari wa Kármán, kwa jina la mhandisi Theodore von Kármán. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga linauweka kilomita 100. Mamlaka za Marekani zimezoea kuhesabu kilomita 80. Hakuna anayekosea, kwa sababu hewa haina mpaka wenye geti na askari. Inapungua kidogo kidogo mpaka unaishiwa.

Kwa vipimo vya kwetu, anga ya Wamarekani inaanzia Jinja. Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, ila barabara uisimamishe wima. Anga ya Kármán iko mbele kidogo, ukishavuka Nile ukielekea Iganga. Na kituo cha kimataifa cha anga, kile ambacho wanaanga wanaishi humo miezi sita sita, kiko kilomita 400 hivi juu, ambayo ni safari ya Kabale. Basi la asubuhi linakufikisha huko mchana.

Kijana mmoja wa boda wa stegi yetu alinisikiliza nikieleza haya, kisha akaniuliza swali lililonifanya nikae chini kuandika. "Mzee, kama anga ni Jinja tu, na hawa Wazungu wameanza miaka zaidi ya ishirini, mbona nauli haishuki? Simu zimeshuka. Sola zimeshuka. Hii imegoma wapi?"

Swali ni zuri kuliko habari nyingi nilizosoma. Bei ya Virgin Galactic ilianza dola 200,000 kwa kiti. Ikapanda hadi 250,000. Mwaka 2021 ikawa 450,000, na baadaye kampuni ikawa inazungumzia dola 600,000, ambazo kwa shilingi za Uganda ni zaidi ya bilioni mbili. Bidhaa ya kawaida ikikaa sokoni miaka ishirini hushuka bei. Hii imepanda mara tatu.

Embe la Margherita

Jibu linaanza kwa kusahau kimo. Kufika juu si kazi kubwa sana. Kazi ni kubaki huko.

Chukua embe, panda nalo hadi kilele cha Margherita kwenye milima ya Rwenzori, mita 5,109. Ukiliachia, linaanguka miguuni pako. Ukilirusha mbele, linaanguka bondeni. Tuseme una mkono wa ajabu na hakuna hewa ya kulizuia: ukilirusha kwa nguvu zaidi litaanguka Kampala, ukiongeza litaanguka Mombasa, ukiongeza tena litaanguka Bahari ya Hindi. Sasa lirushe kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Linaanguka vilevile, maana uvutano haujakwenda likizo. Lakini dunia ni mviringo, na kila embe linaposhuka kidogo, ardhi nayo inapinda chini yake kwa kiasi hichohicho. Linaendelea kuanguka bila kufika chini. Baada ya saa moja na nusu hivi litakugonga kisogoni likitokea upande wa Kongo.

Hiyo ndiyo obiti. Setilaiti na kituo cha anga ni maembe yaliyorushwa kwa mwendo huo. Ndiyo maana wale walio ndani wanaelea. Wengi hudhani kule hakuna uvutano, kumbe kwenye kimo cha kilomita 400 uvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao hapa. Wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja. Umewahi kukaa kiti cha nyuma cha takisi, dereva akalirukia tuta bila kulipunguzia mwendo? Ile nukta moja tumbo linapopanda kifuani na matako yanapoachana na kiti ndiyo hali yenyewe. Mwanaanga anaishi ndani ya nukta hiyo miezi sita.

Branson na Bezos hawakurusha embe mbele. Walilirusha juu, likafika kilele chake, likarudi. New Shepard inakimbia kama kilomita 3,700 kwa saa inapopanda, injini inazimwa, kapsuli inaendelea kwa kasi iliyobaki, abiria wanafungua mikanda na kuelea dakika tatu au nne, kisha miamvuli mitatu inafunguka. Tangu kuondoka hadi kutua ni dakika kumi au kumi na moja. Unity yenyewe ilibebwa kwanza na ndege mama, ikaachiwa kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 13, ndipo ikawasha roketi yake, na mwisho ikarudi kiwanjani ikiteleza kama ndege isiyo na injini.

Nilipiga hesabu kwenye karatasi. Kumpandisha mtu hadi kilomita 100 kunahitaji karibu megajuli moja ya nishati kwa kila kilo ya mwili wake. Kumweka kwenye obiti ya kilomita 400 kunahitaji megajuli 33 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara thelathini, na bado sijahesabu roketi yenyewe, ambayo lazima ibebe mafuta, na mafuta ya kubeba hayo mafuta. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, ikijazwa ina uzito wa tani kama 549. Kapsuli ya Dragon iliyo kileleni mwake, ile yenye watu ndani, ni tani 12 na nusu hivi. Vyote vingine ni nauli.

Na kuna kurudi. Mwendo wote ule wa kilomita 28,000 lazima umwagwe mahali, nao humwagwa kama joto. Dragon inapoingia kwenye hewa, ngao yake inakutana na nyuzi zinazokaribia 1,900 za Selsiasi. Abiria wa Bezos hawahitaji ngao ya namna hiyo, maana hawakuwa na mwendo wa kumwaga.

Kwa hiyo, magazeti yakiandika "mbio za utalii wa anga" kana kwamba wote wako kwenye uwanja mmoja, yanatuchanganya. Ni biashara mbili. Moja inakupeleka kwa boda hadi kona ya mtaa na kukurudisha, na nyingine inakupeleka Juba. Ukiboresha boda miaka ishirini, haitageuka basi la Juba.

Kiti kitupu cha Warusi

Cha kushangaza ni kwamba safari ngumu ndiyo iliyoanza kuuzwa mapema, tena sababu yake ingeeleweka na kondakta yeyote wa Old Taxi Park.

Takisi ya kwetu haiondoki mpaka ijae. Soyuz ya Warusi ilikuwa ikiondoka hata kama haijajaa. Chombo hicho kina viti vitatu, na ilibidi kipelekwe kipya kwenye kituo cha anga kila baada ya miezi sita hivi, kwa sababu hutumika pia kama boti ya kuokolea watu. Lakini kwa safari hiyo marubani wawili waliweza kutosha. Urusi ya miaka ya mwisho ya 1990 ilikuwa haina fedha, na kiti cha tatu kilikuwa kinapaa kitupu. Tarehe 28 Aprili 2001 kiti hicho kilikaliwa na Dennis Tito, Mmarekani wa miaka 60 aliyetajirikia kwenye uwekezaji. Nauli iliyotajwa ilikuwa dola milioni 20. NASA, shirika la anga la Marekani, walipinga kwa nguvu, wakisema mtu asiye mwanaanga atawasumbua wenye kazi. Warusi walikuwa wameshahesabu hela. Tito alikaa huko karibu siku nane na kurudi mzima.

Mwaka uliofuata, Aprili 2002, akaenda Mwafrika: Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameuza kampuni yake ya usalama wa intaneti kwa mamilioni. Alijifunza Kirusi, akafanya mazoezi Urusi kama wanaanga wenyewe, akabeba majaribio ya kisayansi kutoka vyuo vya kwao, na akiwa juu alizungumza na Nelson Mandela. Hadi 2009 abiria wa kulipa walikuwa saba, mmoja wao akienda mara mbili. Kisha duka likafungwa. Marekani walikuwa wanastaafisha vyombo vyao vya shuttle, safari ya mwisho ikawa 2011, na NASA wenyewe wakawa wateja wa Soyuz kwa bei iliyopanda hadi zaidi ya dola milioni 80 kwa kiti. Palipo na serikali inayolipa hivyo, mtalii wa milioni 20 hana nafasi. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa kijana wa stegi: kiti kilikuwa cha bei nafuu kwa sababu kilikuwa kitupu. Kilipopata wa kukikalia, bei ikaenda na mwenye haja.

Walioanza baadaye walitaka jambo rahisi zaidi. Mwaka 2004 ilikuwepo zawadi ya dola milioni 10, Ansari X Prize, kwa chombo binafsi kitakachovuka kilomita 100 mara mbili ndani ya wiki mbili kikiwa na nafasi ya watu watatu. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo ilichukuliwa na SpaceShipOne, kazi ya mbunifu Burt Rutan kwa fedha za Paul Allen wa Microsoft. Wazo lake lililonivutia ni mkia: ukifika juu, mabawa ya nyuma yanakunjwa kwenda juu, na chombo kinashuka taratibu kama ule mpira wa manyoya wa badminton, bila rubani kuhangaika kukisawazisha. Branson akanunua haki za kutumia teknolojia hiyo na kutangaza kwamba abiria wataanza kupanda 2007.

Abiria wa kulipa walianza 2023.

Katikati hapo kuna makaburi. Julai 2007, wafanyakazi watatu waliuawa na mlipuko wakati wa jaribio la gesi ya roketi huko Mojave, California. Tarehe 31 Oktoba 2014, chombo cha kwanza cha Virgin Galactic, VSS Enterprise, kilivunjika angani. Rubani msaidizi, Michael Alsbury, alikuwa amefungua komeo la ule mkia mapema mno, sekunde chache kabla ya wakati wake, na upepo ukaukunja, chombo kikiwa bado kinaongeza kasi. Yeye alifariki. Mwenzake, Peter Siebold, alitupwa nje na mwamvuli ukamwokoa. Wachunguzi hawakumbebesha marehemu lawama zote: walisema wabunifu hawakuweka kinga yoyote dhidi ya kosa la binadamu mmoja. Nadhani hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lote. Ndege za abiria zimekuwa salama kwa kuanguka, kuchunguzwa, na kurekebishwa, safari mamilioni kwa mamilioni. Vyombo hivi vinaruka mara chache sana, kwa hiyo vinajifunza polepole, na kila somo linagharimu miaka.

Kwenye safari ya Agosti 2023 alikuwemo mzee wa Kiingereza wa miaka 80, Jon Goodwin, aliyewahi kushiriki Olimpiki. Tiketi yake aliinunua 2005. Alingoja miaka kumi na minane, na katikati aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Aliketi pamoja na mama na binti yake kutoka Antigua waliopata nafasi zao kwa bahati nasibu. Mwaka mmoja haujaisha, Juni 2024, Unity ikaruka mara ya mwisho na kustaafishwa, ili kampuni ijenge vyombo vipya vyenye viti sita.

Kwa nini uache kuruka mara tu umeanza kulipwa? Fanya hesabu ya kondakta. Hata viti vyote vinne vya abiria vikijaa kwa dola 450,000, safari moja inaleta dola milioni 1.8. Hapo utoe ndege mama, marubani, mafuta, ukaguzi wa wiki kadhaa, na mishahara ya mamia ya wahandisi ambao wanakula kila siku, chombo kiruke kisiruke. Takisi inayopiga safari moja kwa mwezi haiwezi kushusha nauli, hata dereva awe malaika. Bei ya ndege ilishuka kwa sababu ndege ileile inaruka mara tano kwa siku. Hakuna siri nyingine.

Blue Origin wao hawakuning'iniza bei ukutani. Kiti kimoja kwenye safari ya kwanza waliyopeleka watu walikipiga mnada, kikafika dola milioni 28. Wengine walipanda bila kulipa, kwa sababu majina yao yalikuwa tangazo tosha, kama mwigizaji William Shatner akiwa na miaka 90.

Bei kwa dakika

Waganda tunaujua utalii wa bei ya juu. Mgeni anayetoka ng'ambo analipa dola 800 kwa kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kule Bwindi. Anatembea msituni, mara nyingi saa nyingi, halafu anapewa saa moja tu mbele yao, watu wasiozidi wanane kwa kundi. Ni kama dola 13 kwa dakika, na watu wanarudi wakilia kwa furaha.

Sasa pima angani kwa kijiko hichohicho. Dola 600,000 kwa dakika nne za kuelea ni dola 150,000 kwa dakika moja. Halafu angalia safari ya kampuni ya Axiom ya Aprili 2022, iliyowapeleka watu kwenye kituo cha anga kwa Dragon ya SpaceX, nauli ikitajwa kuwa dola milioni 55 kwa mtu. Walipanga siku kumi, hali ya hewa mahali pa kutua ikawa mbaya, wakakaa kumi na saba. Gawanya: dola 2,250 hivi kwa dakika. Safari ya ghali ndiyo yenye bei nafuu kwa dakika, tena kwa zaidi ya mara sitini.

Nilipoipata hesabu hii niliirudia mara mbili nikidhani nimekosea sifuri. Lakini ndivyo ilivyo, na inaeleza kwa nini wenye pesa za kweli wamehamia kwenye obiti. Septemba 2021 Jared Isaacman alikodi Dragon nzima, akapanda na watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanaanga wa serikali, wakazunguka dunia siku tatu. Mmoja wao, Hayley Arceneaux, aliugua saratani ya mfupa utotoni na ana chuma mguuni. Septemba 2024 Isaacman alirudi, safari hii akafungua mlango na kutoa mwili wake nje ya chombo, jambo ambalo awali lilifanywa na wanaanga wa serikali peke yao.

Kilichowezesha hayo ni roketi inayorudi. Sehemu ya chini ya Falcon 9 ilitua wima kwa mara ya kwanza Desemba 2015, na 2017 ikarushwa tena baada ya kutumika. Kabla ya hapo kila safari ilikuwa kama kuchoma basi ukifika Kabale. Lakini sehemu ya juu ya Falcon 9 bado hutupwa kila mara, kwa hiyo tumeacha kuchoma basi zima, tunachoma nusu.

Ukipanda, umekubali

Wengi hudhani serikali ya Marekani imekagua usalama wa abiria hawa kama inavyokagua ndege. Haijafanya hivyo, kwa sababu sheria yake yenyewe inaizuia. Tangu 2004 Bunge la huko limeizuia mamlaka ya usafiri wa anga kuweka kanuni za usalama wa walio ndani ya chombo, kwa hoja kwamba biashara changa ipewe muda wa kujifunza. Muda huo umeongezwa mara kadhaa, na sasa unafika Januari 2028. Mamlaka inawalinda walio chini: chombo kisiwaangukie. Aliye ndani anaelezwa hatari kwa maandishi, kwamba anaweza kufa, kisha anatia sahihi.

Hilo kwetu si geni. Ukipanda boda saa mbili usiku, mvua inanyesha, kofia ya chuma iko moja na ameivaa dereva, umetia sahihi fomu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba boda hukutana na trafiki barabarani.

Si kwamba hatari haijaonekana. Septemba 2022 New Shepard iliharibikiwa injini ikiwa inapanda. Bahati, haikuwa na watu. Mfumo wa dharura uliitenga kapsuli na kuirusha mbali, ikatua kwa miamvuli. Ulifanya kazi ulivyobuniwa, na safari zikasimama zaidi ya mwaka.

Kuna hatari nyingine ambayo haiwahusu walio ndani. Unity ilichoma aina ya mpira ikichanganywa na gesi ya naitrasi oksidi, na masizi yake yakabaki juu sana, mahali ambapo hakuna mvua ya kuyaosha, kwa hiyo hukaa miaka yakinyonya joto la jua. New Shepard huchoma haidrojeni na oksijeni, moshi wake ni mvuke kwa sehemu kubwa. Kwa idadi ya safari za sasa ni jambo dogo. Kwa idadi itakayoshusha nauli halitakuwa dogo, na barafu ya Rwenzori haina ya kupoteza.

Na sisi je?

Mtu akiuliza Waafrika wanahusika vipi, huwa namtaja kwanza Edward Makuka Nkoloso wa Zambia. Mwaka 1964, nchi ikipata uhuru, alitangaza mpango wa kwenda mwezini, akawa anawafundisha vijana wake kwa kuwabiringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta ili wazoee. Waandishi wa kigeni walicheka. Mimi sina hakika kwamba yeye hakuwa anawacheka wao.

Baada ya Shuttleworth, Sara Sabry wa Misri alipanda New Shepard Agosti 2022, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufika angani, na kiti chake kililipiwa na shirika la hisani. Juni 2025 akafuata Owolabi Salis wa Nigeria. Katikati yao, Septemba 2023, Timothy Nash wa Afrika Kusini alipanda Unity akiwa na mifupa mfukoni: vipande vya visukuku vya Australopithecus sediba na Homo naledi, mabaki ya viumbe wa ukoo wetu. Wanasayansi wengi walikasirika, na mimi niko upande wao. Mabaki yasiyo na kifani yalihatarishwa kwa ajili ya picha.

Uganda yenyewe imefika obiti kwa njia ya unyenyekevu. Setilaiti yake ya PearlAfricaSat-1, kisanduku cha sentimita kumi kila upande, kiliundwa na wahandisi watatu wa Kiganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, wakiwa chuo cha teknolojia cha Kyushu, Japani. Kilirushwa kutoka Virginia Novemba 2022 na kuachiwa kutoka kituo cha anga mwezi uliofuata, huku mawasiliano yake yakielekezwa Mpoma, wilaya ya Mukono. Kamera yake ilikusudiwa kutazama mashamba, misitu na maji. Hakikubeba abiria, lakini mwendo wake ulikuwa wa kilomita zaidi ya 27,000 kwa saa, ambao Bezos hakuugusa.

Swali linalofuata huwa lilelile: mbona tusirushie kutoka hapa, si tuko kwenye ikweta? Hoja ina ukweli. Ukisimama Kayabwe, dunia inakubeba kwenda mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoondoka kuelekea mashariki inapewa mwendo huo bure. Ni kama asilimia sita ya safari. Waitaliano waliujua utamu huo zamani, wakarusha setilaiti kutoka majukwaa ya baharini karibu na Malindi kuanzia 1967. Moja waliyorusha 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru.

Lakini Malindi mashariki yake ni bahari. Mashariki ya Kayabwe ni ziwa, kisha Kenya nzima. Vipande vya roketi vikishamaliza kazi lazima vianguke mahali. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, upana wake mita mbili na nusu, ilianguka kutoka angani kwenye kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na shirika la anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Jirani yako akivumilia moja, usitegemee avumilie moja kila mwezi.

Basi kama nauli itashuka, itashuka wapi? Si kwenye ile safari ya dakika kumi, ambayo wanunuzi wake ni wachache na furaha yake ni ya mara moja. Ikishuka, itashukia kwenye obiti, na kwa sharti moja: roketi irudi yote, juu na chini, na iruke tena upesi. Hilo ndilo SpaceX wanalolijaribu kwa Starship. Ya kwanza ililipuka Aprili 2023 dakika chache baada ya kuondoka. Oktoba 2024 sehemu yake ya chini ilirudi na kudakwa hewani na mikono ya mnara, na nikiri niliitazama ile video mara nne.

Tajiri wa Kijapani Yusaku Maezawa alikuwa ameikodi Starship kuzunguka mwezi na wasanii wanane. Juni 2024 alivunja mpango, akisema hawezi kupanga maisha yake wala ya wenzake bila kujua tarehe. Karibu miaka miwili kabla yake, Oktoba 2022, mteja mwingine alikuwa ametangaza kwamba amelipia viti viwili vya kuzunguka mwezi, kimoja chake na kimoja cha mkewe. Alikuwa Dennis Tito, yuleyule wa kiti kitupu cha Soyuz. Alikuwa na miaka 82.